Medicaid, kadi ya chakula na pesa za maskini: bora jimbo au Washington?

Chukua mama mwenye watoto wawili, raia wa Marekani kwa kuandikishwa, anayefanya usafi hotelini kwa dola 15 kwa saa. Wageni wamepungua, bosi amempunguzia zamu, sasa anapata saa 30 kwa wiki. Kwa mwaka hiyo ni dola 23,400. Kazini hakuna bima. Akiwa Des Moines, Iowa, mama huyu ana Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo: anamwona daktari, anapata dawa, akilazwa hospitali haimfuati na bili. Akihamia Amarillo, Texas, kwa kazi ileile na mshahara uleule, hana bima kabisa. Watoto wake watapata, yeye hapati. Texas humpa mzazi wa familia kama yake Medicaid ikiwa kipato hakizidi takriban dola 230 kwa mwezi. Na ile ruzuku ya serikali ya shirikisho ya kumsaidia mtu kununua bima binafsi huanzia kwenye mstari wa umaskini, ambao kwa familia ya watu watatu mwaka 2025 ulikuwa dola 26,650. Kwa hesabu za Texas kipato chake kimezidi, kwa hesabu za Washington, yaani serikali ya shirikisho, hakijafika. Akirudishiwa saa zake 40 atafikisha dola 31,200, na ruzuku itafunguka. Yaani amenyimwa msaada kwa sababu kipato chake kimeshuka.

Shimo hilo halikuchimbwa kwa makusudi. Sheria ya afya ya 2010, ile tunayoiita Obamacare, ilitaka kila jimbo lipandishe kiwango cha Medicaid kwa watu wazima hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini. Walioitunga hawakuona haja ya kumwekea ruzuku mtu aliye chini ya mstari, maana walijua atakuwa na Medicaid. Juni 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Washington haiwezi kuyashurutisha majimbo kwa kutishia kuyakatia pesa zote za Medicaid. Upanuzi ukawa wa hiari. Majimbo 40 yamekubali, pamoja na mji mkuu wenyewe. Kumi hayajakubali: Texas, Florida, Georgia, Alabama, Mississippi, South Carolina, Tennessee, Kansas, Wisconsin na Wyoming. Wisconsin inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa huwapa watu wazima Medicaid hadi kwenye mstari wa umaskini na hivyo shimo hilo halipo kwao.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu mjadala wa "jimbo au Washington" mara nyingi huendeshwa juu juu, kana kwamba ni suala la falsafa tu. Kwa jamii zetu zinazozungumza Kiswahili huku, watu huhama kufuata kazi, ndugu au kodi nafuu ya nyumba, kutoka Ohio hadi Texas, kutoka Minnesota hadi Georgia. Mpaka wa jimbo, ambao barabarani huonekana kama kibao tu cha kukukaribisha, unaweza kukuvua bima kwa siku moja. Na wengi wetu sasa tuna kura. Kabla ya kuipiga, tuiweke mifumo hii kando kwa kando.

Maswali matatu, siyo moja

Ukiuliza "nani aendeshe", umechanganya mambo matatu. Kuna anayetoa pesa. Kuna anayeandika masharti ya nani apate na apate kiasi gani. Na kuna anayekaa dirishani kupokea fomu, kujibu simu na kulipa hospitali. Programu kubwa za Marekani zimegawana kazi hizo kwa njia tofauti, na tofauti hizo ndizo zinazotupa cha kulinganisha.

Medicare, bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu, ni ya Washington yote kwa yote. Kadi aliyopewa mzee akiwa Boston inatambulika Houston. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, Missouri, akiwa na rais wa zamani Harry Truman pembeni, naye Truman akapewa kadi ya kwanza. Sheria hiyohiyo, siku hiyohiyo, ilizaa Medicaid kwa ajili ya maskini, lakini hii ikakabidhiwa majimbo yaiendeshe kwa ubia. Arizona ilikaa nje mpaka 1982. Hata jina halifanani: California ni Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, Massachusetts ni MassHealth, Oklahoma ni SoonerCare. Mgeni aliyehamia huuliza hospitalini kama wanapokea Medicaid huku kadi ya Medicaid anayo mkononi kwa jina jingine.

Kwenye Medicaid, Washington hulipa sehemu ya kila dola inayotumika, nusu kwa majimbo tajiri kama California na New York, na zaidi kwa majimbo maskini. Mississippi hulipiwa zaidi ya senti 75 kwa kila dola. Kwa watu wazima walioingia kupitia upanuzi wa Obamacare, Washington hulipa senti 90. Masharti ya msingi ni ya Washington, mengine jimbo linajiamulia.

SNAP, ile kadi ya chakula ambayo wengi bado huiita food stamp, ni mchanganyiko mwingine. Kwa miongo mingi pesa yote ya chakula ilitoka Washington, kanuni za Washington, kiwango kimoja kwa majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii. Jimbo lilikaa dirishani tu na kugawana gharama za ofisi nusu kwa nusu. Mama yule wa hotelini, akitoka Iowa kwenda Texas, atakuta kiwango cha juu cha kadi ya chakula kwa familia ya watatu ni kilekile.

Halafu kuna TANF, pesa taslimu kwa familia maskini zenye watoto. Hapa Washington hutoa fungu lisilobadilika, na karibu kila uamuzi mwingine ni wa jimbo.

Wanaotetea majimbo wana ushahidi

Nitaanza na upande ambao mwishowe sikuuchagua, maana una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali.

Obamacare yenyewe ilizaliwa jimboni. Massachusetts ilipitisha sheria yake 2006 chini ya gavana Mitt Romney, ikajaribu karibu kila kitu ambacho miaka minne baadaye kiliingia kwenye sheria ya taifa: soko la bima, ruzuku, sharti la kila mtu kuwa na bima. Leo jimbo hilo lina asilimia ndogo kuliko yote ya watu wasio na bima. Jirani zao wa Kanada walipita njia hiyohiyo: jimbo la Saskatchewan lilianza na bima ya hospitali 1947, likaongeza ya madaktari 1962, na nchi nzima ikafuata. Kama lingesubiriwa taifa likubaliane kwanza, pengine wangekuwa wanasubiri bado.

Pia Washington haijathibitisha kwamba inajua kukaa dirishani. Tarehe 1 Oktoba 2013 tovuti ya taifa ya kununulia bima ilifunguliwa na ikaanguka siku hiyohiyo, huku Kentucky, jimbo ambalo halina sifa ya utajiri, likiwaandikisha watu wake kwa tovuti yake ya kynect bila shida kubwa. (Oregon nayo ilijenga ya kwake na ikashindwa vibaya zaidi ya Washington, kwa hiyo mfano huu haupigi ngoma upande mmoja tu.) Hospitali za wanajeshi wa zamani, ambazo serikali ya shirikisho inazimiliki na kuziendesha yenyewe, zilikumbwa na kashfa mwaka 2014 ilipogundulika kwamba Phoenix, Arizona, orodha za kusubiri zilifichwa ili takwimu zionekane nzuri. Waziri aliyehusika alijiuzulu.

Na tumeona juzi tu hatari ya kutegemea mfuko mmoja. Serikali ya shirikisho ilipofungwa kuanzia 1 Oktoba 2025 kwa siku 43, malipo ya SNAP ya Novemba yalikwama. Watu milioni 42 hivi walikuwa wakiitegemea kadi hiyo. Wapo waliokwenda dukani na kukuta kadi haina kitu. Baadhi ya majimbo yalitoa pesa zao kuziba pengo, mengine hayakutoa. Msuguano wa wabunge mjini mmoja ulifika kwenye sufuria za nchi nzima.

Kuna jambo jingine ambalo Wakenya wa jimbo la Washington, lile la Seattle na Tacoma, wanalijua vizuri kuliko wachambuzi wa televisheni. Wengi wao wanaendesha nyumba ndogo za kutunzia wazee na walemavu, au wanafanya kazi humo zamu za usiku. Nyumba hizo zipo kwa wingi kwa sababu jimbo liliamua mapema kutumia ruhusa maalumu za Medicaid, zilizoanza 1981, kuwalipia watu matunzo katika nyumba za mtaani badala ya kuwajaza kwenye vituo vikubwa. Jimbo hilohilo sasa lina mfuko wake wa matunzo ya muda mrefu, unaokatwa kwenye mishahara tangu Julai 2023. Kwa mtu aliyeajiriwa kwenye sekta hiyo, kiwango cha malipo anachokipanga ofisa wa jimbo ndicho kinachoamua kama mshahara utapanda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ofisa aliye Olympia, makao makuu ya jimbo hilo, anaweza kuzitembelea nyumba hizo kwa gari asubuhi akarudi jioni.

TANF: majimbo yalipoachiwa kila kitu

Sasa tuangalie jaribio kamili. Tarehe 22 Agosti 1996 Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyofuta msaada wa zamani wa pesa kwa familia zenye watoto na kuweka TANF mahali pake. Ahadi ilikuwa hii hasa tunayoijadili: majimbo yapewe fungu, yaachiwe uhuru, yajue wenyewe namna ya kuwatoa watu kwenye umaskini. Fungu likawekwa dola bilioni 16.5 kwa mwaka.

Fungu hilo bado ni dola bilioni 16.5. Halijawahi kupandishwa kufuata bei. Kwa mfumuko wa bei wa miaka hiyo yote, karibu nusu ya thamani yake imeyeyuka bila mbunge yeyote kulazimika kupiga kura ya kuikata. Nadhani hili ndilo somo kubwa kuliko yote: anayependekeza majimbo yapewe "fungu moja na uhuru" anapendekeza pia, atake asitake, pesa inayopungua kila mwaka kimyakimya.

Uhuru ulitumikaje? Mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata msaada wa pesa. Kufikia 2020 zilikuwa 21. Umaskini haukupungua kwa kiasi hicho, milango ndiyo ilifungwa. Karibu robo tu ya pesa za TANF, pamoja na mchango wa majimbo, humfikia mzazi kama pesa taslimu. Zilizobaki huzibia mashimo mengine ya bajeti, yakiwemo mambo mazuri kama malezi ya watoto wakati mzazi yuko kazini, lakini pia matumizi ambayo jimbo lingeyalipia kwa njia nyingine. Kiasi chenyewe kinategemea umezaliwa au umehamia wapi: New Hampshire familia ya watu watatu isiyo na kipato inaweza kupata zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, Mississippi dola 260, na hizo 260 ni baada ya kupandishwa kutoka 170 mwaka 2021.

Mississippi hiyohiyo ndiyo iliyotoa aibu kubwa. Ukaguzi ulikuta angalau dola milioni 77 za TANF zimetumika vibaya. Takriban dola milioni 5 zilikwenda kujenga uwanja wa voliboli wa chuo kikuu. Mkurugenzi wa zamani wa idara ya huduma za jamii ya jimbo alikiri makosa mahakamani 2022. Familia zilizokuwa zikikataliwa maombi yao ya dola 170 zilikuwa zinaishi kwenye jimbo hilo, miaka hiyohiyo. Wizi hutokea hata kwenye pesa za Washington, siwezi kudai vinginevyo. Ila masharti yanapokuwa mepesi kiasi kwamba uwanja wa michezo unaweza kuandikiwa hoja ya kusaidia maskini, mwizi hahitaji hata kuvunja mlango.

Kuna kipimo kingine, nacho ni msukosuko wa uchumi wa 2008. SNAP, yenye pesa za Washington na isiyo na dari, ilipanda kutoka watu milioni 26 mwaka 2007 hadi zaidi ya milioni 47 mwaka 2013. Watu walipopoteza kazi, kadi ya chakula iliwafuata. TANF karibu haikutikisika. Fungu ni lilelile, na majimbo wakati huo yalikuwa yanabana matumizi. Hapa ndipo tofauti ya mifuko inapoonekana: Washington inaweza kukopa mwaka mbaya, ilhali karibu kila jimbo linabanwa na sheria yake lisawazishe bajeti. Mwaka ambao watu wengi zaidi wanahitaji msaada ni mwaka uleule ambao kodi za jimbo zimeshuka. Jimbo hukata likiwa halina ubaya wowote moyoni.

Hata majimbo yenye nia njema hugonga ukuta huo. Vermont ilipitisha sheria 2011 ya kumpa kila mkazi bima ya umma, na Desemba 2014 gavana Peter Shumlin aliyeipigania akaiacha, baada ya hesabu kuonyesha ukubwa wa kodi ambayo jimbo dogo lingelazimika kutoza. California ilifungua Medi-Cal kwa wahamiaji wasio na vibali wa rika zote Januari 2024, na miaka miwili baadaye ikasimamisha kuandikisha watu wazima wapya. Minnesota na Illinois nazo zilirudi nyuma 2025. Watu waliandikishwa, wakapata daktari, wakaanza dawa, kisha wakaandikiwa barua.

Historia ya rangi haiwezi kuachwa nje hapa. Kabla ya miaka ya 1970, "uhuru wa jimbo" kwenye misaada ulikuwa na maana mahususi Kusini. Mwaka 1960 Louisiana iliwafuta watoto wapatao 23,000 kwa kigezo cha kwamba nyumba zao "hazifai", kwa mfano mama kuzaa nje ya ndoa, na wengi mno wa watoto hao walikuwa weusi. Alabama ilimnyima msaada mama yeyote aliyeaminika kuwa na mwanamume, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikataza 1968. Kila mara aliyezuia alikuwa wa shirikisho. Sisi watu weusi tuliokuja baadaye tunakalia haki zilizopiganiwa na waliotutangulia, na tunapaswa kujua kwamba zilipatikana kwa kuwapunguzia magavana mamlaka.

Bahasha ya kila mwaka

Ukizungumza na wakalimani wa jamii zetu, hawatakueleza habari za Mahakama ya Juu. Watakueleza habari za bahasha. Inakuja kwa Kiingereza, ina kurasa nyingi, ina tarehe ya mwisho, na inataka hati za mshahara. Ikikosewa anwani, au baba akidhani ni matangazo akaitupa, familia imetoka kwenye bima bila kukataliwa na mtu.

Wakati wa korona Washington ilikataza majimbo kumfuta mtu Medicaid. Katazo liliisha 31 Machi 2023, na majimbo yakaanza kuhakiki upya. Watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa, karibu saba kati ya kila kumi kwa sababu za makaratasi: fomu haikurudi, simu haikupokelewa, anwani ilibadilika. Viwango vilitofautiana sana kati ya jimbo na jimbo ingawa sheria ilikuwa moja. Majimbo yaliyotumia kumbukumbu za kodi na mishahara kuhakiki yenyewe yalipoteza watu wachache. Yaliyotegemea bahasha yalipoteza wengi. Kwa hiyo kukaa dirishani si kazi ndogo, na kuna majimbo yanayoifanya kwa ustadi.

Arkansas ilionyesha upande wa pili 2018, ilipowataka watu wa Medicaid kuripoti saa zao za kazi kwenye tovuti. Tovuti ilikuwa ikifungwa kila usiku kuanzia saa tatu hadi saa moja asubuhi. Watu takriban 18,000 walipoteza bima kabla jaji wa shirikisho hajaisimamisha Machi 2019.

Washington nayo inaweza kuumiza

Na hapa ndipo anayetetea Washington, kama mimi, lazima ajibu swali gumu. Sheria ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 imechukua wazo la Arkansas na kulipeleka kwenye majimbo yote yaliyopanua Medicaid: kufikia 1 Januari 2027 watu wazima wengi watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kwa mwezi. Sheria hiyohiyo imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP maadamu hawajapata ukaazi wa kudumu, na kubana Medicaid yao kuanzia Oktoba 2026. Kwa Wakongomani waliofika kutoka kambi za Nyarugusu, Kyangwali au Kakuma, watu ambao kwa miongo kadhaa sheria iliwatambua kuwa wanastahili tangu siku ya kwanza, hilo ni pigo la moja kwa moja. Jimbo haliwezi kulizuia, labda litoe pesa zake. Na kwa mara ya kwanza majimbo yenye makosa mengi ya malipo yatabebeshwa sehemu ya gharama ya chakula chenyewe, kuanzia mwaka wa bajeti wa 2028. SNAP inaanza kusogezwa kuelekea TANF.

Kwa hiyo sisemi Washington ni mkarimu kwa asili. Nasema kwamba sheria mbaya ya shirikisho ina anwani moja. Inaweza kupingwa kwa uchaguzi mmoja wa Congress, na inawauma watu wa majimbo yote kwa pamoja, wenye nguvu na wanyonge. Fungu linaloyeyuka kwenye majimbo 50 halina siku ya kupigiwa kura.

Waliotoka Kenya wameyaona haya kwa umbo jingine. Katiba ya 2010 ilipeleka huduma za afya kwenye kaunti 47 na kuibakizia serikali kuu sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Makueni ikaitumia nafasi hiyo kuwapa wakazi wake matibabu kwa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka. Lakini madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016, mkataba waliokuwa wakiudai ulisainiwa na serikali kuu ilhali mwajiri wao alikuwa kaunti, na mgonjwa akabaki katikati. Pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kuu kwa wasiojiweza, ambazo hazikugatuliwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee wa Turkana na wa Nyeri sawasawa.

Ningechagua hivi

Mfano ninaoutaka upo tayari, ila hauzungumzwi. Zamani msaada wa pesa kwa wazee maskini, vipofu na walemavu uliendeshwa na majimbo, kila moja na kiwango chake, kama TANF ilivyo leo. Mwaka 1972 Richard Nixon, rais wa Republican, alisaini sheria iliyouhamishia Washington, na Januari 1974 SSI ikaanza. Kiwango cha shirikisho kwa mtu mmoja mwaka 2026 ni dola 994 kwa mwezi, kinapanda kila mwaka kufuata bei, na jimbo linaloweza kuongeza juu yake linaruhusiwa. Shangazi akihama kutoka Alabama kwenda Oregon, msingi wake unahama naye. Hakuna chama kinachokwenda kwenye kampeni kikisema SSI irudishwe kwa magavana.

Medicaid ifanywe vivyo hivyo: Washington ilipe, iweke sakafu moja ambayo hakuna jimbo linaloruhusiwa kushuka chini yake, na majimbo yaendeshe dirisha, yabuni, yaongeze. Hili si wazo la mrengo mmoja. Januari 1982 Ronald Reagan mwenyewe alipendekeza Washington ichukue Medicaid yote. Kwa upande wa pili alitaka majimbo yachukue food stamp na pesa za familia, na mpango ukafia kwenye majadiliano. Nusu ya kwanza ya wazo lake ilikuwa sahihi. TANF ifungwe kiwango chake na bei, na sehemu inayojulikana ya pesa hizo ilazimike kumfikia mzazi mkononi.

Hayo yatachukua muda. Kwa sasa mfumo ni huu tulio nao, na mambo mawili ya kushika ni haya. Ukihama, Medicaid haikufuati: funga ya zamani na uombe mpya wiki uliyofika, na jimbo haliwezi kukuambia usubiri kwanza ukae mwaka mmoja, maana Mahakama ya Juu ilikataza hilo 1969. Na ofisi yoyote inayopokea pesa za shirikisho inapaswa kukupa msaada wa lugha bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, usimtume mtoto wa darasa la tano akutafsirie habari za kipato chako.

Kwa wenye kura, majimbo 36 yanachagua magavana Novemba 2026. Maine, Missouri, Oklahoma, South Dakota na mengine kadhaa yalipanua Medicaid kwa kura ya wananchi moja kwa moja, pale wanasiasa walipokataa. Texas haina kura ya namna hiyo. Njia pekee ni bunge la Austin, ambalo hukutana siku 140 kila baada ya miaka miwili. Kikao kijacho kinaanza Januari 2027, na viti vyote 150 vya baraza la chini vinapigiwa kura Novemba hii.